Trei za Mayai za Bi Nening

Shoga, ngoja nicheke kwanza. Mjukuu wangu Rodel kaumbuka leo mchana!

Si unajua alivyobandika trei za mayai chumba kizima ili arekodi nyimbo bila jirani kusikia? Jirani mwenyewe, Bi Nening, huuza mayai ya baluti usiku, yale ya bata ya kuchemsha yenye kifaranga ndani, mchana ndio usingizi wake, na aliapa kumshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa akimwamsha tena. Na trei zenyewe kaziomba kwake!

Kafunga mlango, kaniambia, "Bibi, humu hata nikimtukana hasikii." Akaimba ubeti mzima wa jirani anayekoroma kama mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ya mpunga, shoga!

Ng'ambo ya ukuta sauti ikauliza, "Rodel, ubeti wa pili uko wapi?"

Mimi nikauma mto nisicheke.

"Bi Nening, nisamehe, usinishtaki!"

"Sikushtaki. Miguu inaniuma, na wewe sauti unayo. Leo utaniuzia mayai."

Basi usiku huu msanii wetu anapita na kikapu, "Baluuuti! Baluuuti!" Mtaa mzima umetoka vibarazani kumsikiliza.

Trei hataki kuzibandua. Eti bila hizo Bi Nening angesikia vizuri zaidi.