Kahawa Ulizonitumia na Sindano ya Hospitali

Nairobi, Jumapili

Mae mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje na mvua za Rubya? Na watoto aliotuachia dada, wanakula vizuri? Mimi nimechoka, lakini nipo, na moyo umetulia. Naanza na hilo ili usikae na wasiwasi wakati unasomewa.

Unakumbuka nilikwambia moyo unapiga ovyo, mara unakimbia, mara unasita, hadi naketi kwenye ngazi na mtoto wa watu mgongoni. Vidonge vilishindwa. Daktari akasema wataushtua kwa umeme ili urudi kwenye mwendo wake. Akaniuliza: nilale kabisa kwa nusu kaputi, au nichomwe sindano ya kulegeza, nisinzie tu? "Kwa sindano hutakumbuka kitu," alisema, "ila wengine huropoka."

Nikachagua nusu kaputi papo hapo. Huko kwetu kila mtu anajua Rwegasira wangu alikufa na ugonjwa gani. Hapa nimesema ni malaria. Mama mwenye nyumba ninayemfanyia kazi akijua, sitamshika tena mtoto wake, na yeye ndiye aliyenipeleka hospitali.

Asubuhi ile shemeji Mutalemwa akafika wodini na punje za kahawa ulizochemsha. Nilikuwa nimekatazwa kula na kunywa. Lakini Mae, tangu lini kahawa ya kutafuna ikawa chakula? Mgeni anakunyooshea kiganja, unapokea. Nikatafuna, nikasikia harufu ya jiko lako.

Daktari wa usingizi akaja. "Umekula?"

"Sijala."

"Na hicho kilichoko shavuni?"

"Kahawa tu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. "Huyu Mtanzania anatafuna kahawa kama mbuzi!"

Daktari hakucheka. Alisema nikilala kabisa kwa nusu kaputi, cha tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Akanisubirisha hadi alasiri, kisha akasema leo ni sindano tu, au nirudi nyumbani kungoja zamu nyingine. Zile ngazi sikuziweza tena. Nikakubali sindano.

Nilipozinduka wodini, kifua kilikuwa kinawaka kama nimebabuka. Mama mwenye nyumba alikuwa pembeni, ananitazama. Nikajua nimekwisha.

"Umeongea wewe!" akasema. "Kwa lugha yenu, bila kupumua. Nikamwita shemeji yako aniambie unasema nini. Kumbe unakaribisha watu chakula! Hata usingizini unapika."

Shemeji alipokuja kuniaga, nikamwuliza, "Nilisema nini hasa?"

Akainama kufunga kiatu. "Uliwataja, shemeji. Mume wako, dada yako, na ugonjwa wao. Ukamwuliza Rwegasira kama na wewe unao."

"Alijibu?"

"Hukungoja jibu. Ulimwambia avue koti, limelowa."

Lile koti la kahawia, Mae. Alikuwa analivaa hata shambani.

Kazi bado ninayo. Usijilaumu kwa zile kahawa. Zilizobaki nazitafuna taratibu. Shemeji atakapopita hapo, usimwulize kitu. Mpikie ndizi, umpe kiti cha Rwegasira akalie.

Nisalimie baba mdogo, na mama wa ubatizo, na katekista anayekusomea. Mwambie asante kwa kuyasoma yote, hata haya.

Ni mimi mwanao,
Kokugonza