Picha Iliyogeuzwa Ukutani

Masinga,
14 Agosti 1999.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini kifua chako kimepata nafuu na kwamba vumbi la vitambaa huko kiwandani Athi River halikusumbui sana. Sisi tuko hai. Magoti ya Nyanya bado yanauma, mbuzi mweusi amezaa mapacha, nami nimekuwa wa tatu darasani. Leo nimeamua kukueleza kila kitu, hata yale yatakayokuudhi.

Habari kubwa ni ya kaka Ndambuki. Unakumbuka baada ya kumzika Baba alivyokuwa akitetemeka mbele ya watu, hata kanisani akaacha kwenda. Mwezi wa pili alibadilika ghafla. Alianza kucheka tena, Nyanya akamtania kwamba sasa anacheka hata kuku akipiga chafya. Mama, tulifurahi sana.

Furaha hiyo haikumaliza muhula. Aliniuliza kwa nini Nyanya anamtazama kwa chuki, na wakati huo Nyanya alikuwa akitabasamu. Alikataa uji wake. Nyanya alimwambia uji hauna meno, anauogopea nini, kisha akaenda kulia jikoni. Ile picha yako ya gauni la buluu aliigeuza ikatazama ukuta. Alisema umemkunjia uso.

Tulimpeleka zahanati. Daktari Wathome alimhoji kwa upole, naye akakiri kwamba amekuwa akivuta bangi kila siku ili moyo uache kumdunda. Daktari alitueleza kwamba katika ubongo kuna sehemu inayopima hofu na kutusaidia kusoma nyuso za wenzetu. Bangi huweza kuituliza mwanzoni, lakini mtu akizidisha, hasa kijana, huweza kuivuruga, hofu ikarudi kubwa kuliko awali. Alisema watu hawafanani, hivyo hawezi kutuahidi siku ya kupona, ila wengi hupata nafuu wakiiacha na kutibiwa.

Alimwandikia barua ya kwenda hospitali ya Machakos tarehe thelathini. Ndambuki hataki. Anasema wewe ndiwe uliyepanga afungiwe huko kwa kuwa umemchoka.

Sasa lililo zito. Nyanya aling'oa mche wa bangi nyuma ya zizi la mbuzi, katikati ya mbaazi. Alishangaa jinsi ulivyonawiri ilhali mbaazi zimekauka zote. Mama, ni mimi niliyekuwa nikiumwagilia. Kila jioni niliupa maji yaliyobaki baada ya kuosha vyombo, maji niliyoyabeba mgongoni kutoka mtoni. Ndambuki aliniambia ni dawa ya moyo. Nilijua si kweli, lakini alikuwa akicheka, nami niliogopa anyamaze tena. Nyanya bado hajui. Nitamwambia kesho baada ya ibada.

Nyanya anakusalimu, na mwalimu Mutindi pia. Ndambuki ameniona nikiandika, akasimama mlangoni. Amesema nikuulize kuhusu ile picha, na ukimjibu kwa mkono wako mwenyewe, atakwenda Machakos. Nimeigeuza ile picha nikaitazama mpaka nami nikaingiwa na shaka. Tafadhali jibu upesi, nimsomee kabla ya tarehe thelathini: siku ile ulipopigwa picha, Mama, ulikuwa umetukasirikia?

Mwanao akupendaye,
Mumbua