Hatutaki Wamefika Murara

Yaya Bienvenu, kaka yangu,

Katuni imetoka. Naanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza hali ya Mama. Vile vitabu vyako vya Hatutaki wamevitia rangi na sauti, na sasa watu wale wanatembea. Tunawaonyesha Jumamosi kwa Jumamosi kwenye sinema ya Papa Assumani, hapo hapo Murara, kwenye shuka lile lile jeupe. Na anayewafasiria watu kwenye mikro, mahali pako, ni mimi. Nitakueleza ilivyokuwa.

Mama yuko. Goti lake la kushoto linamsumbua mvua ikinyesha. Benki bado zimefunga na ndege bado hazitui, lakini moto za abiria zinapita na honi zao, tshukudu za mbao zinapita na mizigo, na watu wanaendelea kuvaa nguo, kwa hiyo mashine yangu ya kushona iko barazani palepale. Kwenye kaburi lako tulipanda maua, yakakataa. Yale mawe ya volkano hayana huruma. Mwishowe Mama alijitwika beseni la udongo mweusi kichwani, akaumwaga mwenyewe, na sasa kuna kitu kinaota, ingawa hatujui ni kitu gani.

Siku zile za risasi, ulipolala na maumivu ya mwisho, damu ya kukuongezea ilikosekana. Wauguzi walitafuta, sisi tulitafuta, na barabara zilikuwa zimefungwa. Mimi sina wa kumlaumu. Mama alihitaji wa kumlaumu, na akavipata vitabu vyako.

Mchungaji alikuja kutufariji, akaviona vimepangwa kando ya kitanda chako. Akafungua kimoja, akaona mwanamke mwenye bangili inayowaka, akasema picha za namna hiyo ni mlango, na anayepita kwenye mlango huo si Mungu. Alisema kwa upole. Mama hakusema kwamba vitabu vimekuua. Alisema tu: “Vitoke.” Nilivitia kwenye gunia la unga nikavipeleka kwa Papa Assumani. Yule muzee alivipokea kwa mikono miwili. “Mimi sijui mambo ya kanisa yenu,” alisema. “Kwangu hii ni amana.” Akaviweka juu ya kabati, mbali na mafuta ya jenereta.

Nilitamani kuviona, yaya. Wewe uliokota cha kwanza sokoni Birere, kwenye robota la vitabu chakavu vya Kifaransa, ukanisomea ukiwa umelala, mito miwili chini ya magoti. Mimi nilikuwa nakupashia maji na kujifanya sisikilizi. Watu wanne, kila mmoja ameamka na bangili ya chuma mkononi, haitoki. Nchi yao imefunikwa na ukungu wenye meno, na wao ndio wanatakiwa kupigana nao kwa nguvu za bangili. Mwizi anakataa. Mwanajeshi mzee aliyekwisha kutupa bunduki yake anakataa. Bwana harusi, ambaye bangili ilimfikia siku ya ndoa, anakataa. Natsuko mfinyanzi anakataa kuliko wote. Ndiyo maana Murara nzima, ulivyokuwa unatusimulia vitabu kwenye mikro ya sinema, tuliwaita Hatutaki, na jina la Kifaransa la kwenye jalada hakuna aliyelikumbuka.

Halafu ukafika kwenye sura ile. Natsuko amepigana kwa mara ya kwanza na ameshinda. Kesho yake hawezi kusimama. Bangili inakula nguvu kutoka kwenye mifupa, kwa hiyo analala mkekani siku baada ya siku, na majirani wanasema huyu mwanamke mvivu, jana alikuwa anaruka juu ya mapaa. Ukafunga kitabu, kidole kikabaki katikati ya kurasa, ukasema: “Furaha, mutu aliyechora hii, anajua.”

Wewe na SS, ule ugonjwa wa seli za damu, mlizaliwa siku moja. Nilikuona tangu utoto ukicheza mpira Jumatatu na kushindwa kushika kikombe Jumanne, nikasikia watu wakikuita mvivu hadi ndani ya ukoo wetu. Lakini mpaka siku ile sikuwa nimekuona ukikutana na mtu anayefanana na wewe.

Papa Assumani alinijia barazani asubuhi, kofia kichwani, simu mkononi. Katuni ilikuwa imeshuka kwenye simu, Kijapani mdomoni na Kifaransa kikipita chini. “Batu banauliza,” alisema. “Bienvenu aliwaahidi atafasiri siku itakapotoka. Wewe unajua Kifaransa, unajua hadithi.”

Nilimwambia mimi ni mshonaji, sina sauti.

“Bienvenu alikuwa na sauti? Alikuwa na kikohozi. Kuja tu.”

Nilikataa, akarudi. Nilikataa tena, akarudi na gunia lako begani, akaliweka juu ya mashine yangu, akaenda kuswali. Basi nikakubali, na jioni nikamwambia Mama. Alikuwa anakoroga majani ya sombe. Hakugeuka. “Ile mikro ndiyo ilimumalizia nguvu,” alisema. Nikamjibu kwamba mikro ndiyo iliyokuwa inakutoa kitandani. Akapakua sombe, tukala.

Jumamosi ya kwanza niliharibu. Nilijaribu kuwa wewe. Bwana harusi ulimpa sauti ya muuza ng’ombe wa Masisi, kila hatari inayokuja yeye anauliza nani atamrudishia ng’ombe wake wa mahari. Mwizi ulimsemesha Kilingala cha mjini. Mimi nilipojaribu, bwana harusi akawa na mafua na mwizi akawa mwalimu wa dini. Kisha Natsuko akasema neno lake la kwanza, nami nikasema kwenye mikro, “Nakataa katakata.” Mtu mmoja nyuma akauliza kama yule mwanamke yuko mahakamani. Wote walicheka. Hawakunichukia, lakini walikuwa wanakutafuta wewe gizani, na mimi vilevile.

Wiki nzima nilishona huku nikimfikiria. Mwanamke anayefanya kazi yake, wanamjia wageni na mambo makubwa ya nchi, naye ana vyungu kwenye moto. Angesemaje? Na nikamsikia, yaya. Alikuwa Mama, uani, anamfukuza mtu aliyekuja kumwomba awe mkubwa wa kikundi cha akina mama. Jumamosi ya pili Natsuko akasema: “Muniache. Niko na vyungu kwenye moto. Nani atavitoa, wewe?” Sinema ikapasuka kwa kicheko, na tangu hapo hakuna aliyeniomba niwe Bienvenu.

Nikupe mambo ya rangi, maana tuligombana sana. Bangili si ya bluu. Ni ya kutu, inapowaka inakuwa kama makala ya moto yanayopulizwa. Umeshindwa. Lakini nywele za Natsuko ni nyeusi kama ulivyosema, na sauti yake ni nzito, imekwaruza kidogo. Ukungu wameuchora vizuri mno. Akina mama wawili walitoka nje. Muziki ungeupenda. Mwanajeshi mzee wamemfanya kijana kuliko kwenye kitabu, sijui kwa nini, labda wanaogopa mikunjo.

Watoto wa mtaa wakaanza kuiga. Ukimtuma mtoto maji Murara siku hizi anakujibu: “Muniache, niko na vyungu kwenye moto.” Mmoja alimjibu hivyo Mama mwenyewe, sokoni, na kwa sauti yenyewe. Mama akamuuliza amejifunza wapi. Jumamosi iliyofuata, nikiwa nimeshika mikro, mlango wa sinema ukafunguka na nikamwona amesimama pale na kitenge chake cha kanisani, mkoba kifuani. Alikuwa amekuja kumwona mtu anayemdhihaki. Sikuweza kumwendea, sehemu ilikuwa imeanza.

Na ilikuwa sehemu ile. Natsuko akapigana, akashinda, akaanguka. Nilikuwa tayari. Ile sura nilikuwa nimeirudia usiku na mchana ili niifasiri vizuri kwa ajili yako. Kisha picha ikabadilika, jogoo akawika, na Natsuko akawa amesimama mlangoni anajinyoosha, mzima kabisa. Wameikata, yaya. Mkeka wameukata, umbea wa majirani wameukatilia mbali, hakuna mfupa hata mmoja unaouma. Amelala, ameamka, twende vitani.

Nilimwambia Papa Assumani asimamishe. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Vijana wa mbele wakasema aendeshe. Nikawaambia hapa kuna kitu kimerukwa, na kwamba Bienvenu asingekubali kirukwe, nikatoa kitabu, nikawasha tochi ya simu, nikasoma. Sikuiga sauti ya mtu. Nilisoma jinsi anavyoshindwa kugeuka. Jinsi anavyosikia majirani kupitia ukuta na kushindwa hata kukasirika, kwa sababu kukasirika nako kunauma. Bwana harusi, ambaye alitaka tu kurudi kwa mke wake, anakaa kando ya mkeka, hajui afanye nini, anapasha jiwe motoni, analizungushia kitambaa, anamwekea kwenye goti.

“Jiwe hapana.”

Ilikuwa sauti ya Mama. Alikuwa ameacha mlango, yuko katikati ya mabenchi. “Jiwe litamuchoma. Mutu wa vile ngozi haisikii vizuri. Ni kitambaa cha maji ya moto, ukikamue, uweke, kikipoa ubadilishe. Na anywe maji. Huyo bwana hajamupa hata maji.”

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka, kwa sababu wengi walikujua, na waliona anayesema ni nani. Mimi nilipata shida na mistari iliyobaki. Nilisoma hadi mwisho lakini polepole. Papa Assumani akaendesha katuni, Natsuko akajinyoosha tena pale mlangoni, na safari hii hakuna aliyemwamini.

Tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika kwenye kona ya wauza makala ya kupikia Mama aliuliza: “Yule mwanamuke alikuwa na SS?”

“Hapana, Mama. Ni mfinyanzi. Ni ile bangili.”

“Alikuwa nayo,” alisema. Kisha baada ya hatua chache: “Bienvenu alikuwa anasoma hiyo?”

“Hiyo kuliko zote.”

“Mimi nilidhani ni vita tu.” Akavuta kitenge. “Na anasema kama nani, yule?”

Nilimwambia sijui. Alinipiga begani kwa mkoba wake, si kwa nguvu.

Vitabu vimerudi nyumbani. Mama hajui Kifaransa, kwa hiyo namfasiria wakati anachagua maharagi, mchana, mlango ukiwa wazi. Mchungaji alipita akatukuta. Mama alimkaribisha, akampa kiti, akasema, “Endelea, Furaha.” Nikaendelea. Mchungaji alisikiliza kurasa kadhaa, akauliza kama bwana harusi atamwona mke wake tena. Mama hampendi mwizi, na mwanajeshi anamwonea huruma. Siku nyingine anasimamisha mkono ndani ya ungo, nami nashika ukurasa hadi aanze tena kuchagua. Siku moja alilia kabisa. Alisema alikuwa anakuamsha. Ile miaka ya mwanzo, kabla daktari hajatupa jina la ugonjwa, alikuwa anakuvuta mkono asubuhi na kusema amka, acha uvivu. Nilimwambia ulikuwa umemsamehe. Sikuwa na uhakika, hatukuwahi kuzungumza jambo hilo. Ila ninavyokujua, nilisema kweli.

Jambo la mwisho ni hili. Jumamosi ile ya kusoma, mama mmoja kutoka Munigi alikuwa amekaa karibu na ukuta na binti yake. Baada ya watu kutoka alibaki. Alituambia huyu wake naye hulala hivyo, anaitwa Aline, na shule wanamwandika mtoro. Alikuwa amempeleka kuombewa. Hakuwa amempima. Mama alimshika yule binti kwenye viganja, akamtazama macho, akamgeuza kwenye taa kuona kama yana njano. Kisha akamwambia yule mama, kwa sauti ile ile ya vyungu, kwamba Jumatatu anakwenda kupimwa damu, na kwamba yeye atawasindikiza, na hakuna mjadala.

Walipima. Ndiyo yenyewe. Yule mama alikaa chini pale pale kwenye korido, na Mama akakaa naye. Sasa Mama anapanda moto kwenda Munigi kila wiki, yeye ambaye alikuwa haendi hata mazishini tangu ulipotutoka. Amewafundisha maji, vitambaa, vidonge, sweta wakati wa baridi. Aliongea na mwalimu. Sijui alimwambia nini mwalimu, lakini Aline haandikwi tena mtoro.

Wiki hii amelala. Si vibaya sana, inauma mikono tu. Amemtuma mama yake kuuliza kama yule dada wa sinema anaweza kuja na vitabu, kwa sababu yeye aliingia katikati na hajui watu hawa walipataje bangili.

Kwa hiyo kesho nakwenda. Nimeomba wenye sketi za shule wanisubiri. Nitamsomea tangu ukurasa wa kwanza, na nakuahidi, yaya, mahali panapouma sitaparuka, na mahali pa kuchekesha nitajitahidi bwana harusi asiwe na mafua. Pumzika vizuri huko uliko. Mama ameniita, maji ya vitambaa yamepata moto na anataka nijifunze kuyapima joto kwa mkono wangu mwenyewe kabla sijaondoka.

Mdogo wako,
Furaha