Aikoni za Baba

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumatano, 14 Agosti

Mpendwa Kaka,

Habari za huko? Wifi hajambo? Na Mtundu wenu, kikohozi kimemwachia? Sisi tunapumua. Mama anakusalimu, na mimi bado niko na cherehani yangu.

Jana nilikupigia mpaka nikachoka, hupatikani. Acha nikueleze kwa barua pepe, ikufikie leo hii.

Mguu wa Baba umeharibika. Kidonda kimepanda juu ya kifundo, na daktari aliahidi kuja jana mchana kuchukua jibu: ukatwe au usikatwe. Baba mdogo alikwisha kujibu kwa niaba yake. "Kaka yangu hawezi kukubali kukatwa," anamwambia kila anayeingia.

Wewe unajua hali. Tangu kiharusi Baba hasemi wala hasomi, na ukimuuliza lolote anaitikia kwa kichwa tu. Kinywa chake ni zile aikoni ulizomwekea kwenye kompyuta: anabonyeza kipicha cha kikombe, kompyuta inasema "maji".

Sasa, Linux yako, ule mfumo uliouweka kuendesha kompyuta, ilijisasisha. Nilipoiwasha jana nikakuta miraba ya kijivu kioo kizima, yote sawasawa. Baba akabonyeza mmoja, ikasema "mto". Akabonyeza mwingine, "dirisha". Akaipiga meza kwa ngumi ya mkono wake mzima, machozi yakamtoka.

"Msomee wewe majina ya picha, yeye aitikie," akasema Baba mdogo.

"Baba mdogo, ataitikia lolote!"

Nikafungua faili la aikoni moja. Kuna mstari unaoonyesha picha iko wapi, nao ulielekeza kwenye folda ambayo sasisho limeifuta. Bahati nzuri nakala za picha zilikuwa kwenye fleshi uliyoacha. Nikazihamishia kwenye folda mpya, nikarekebisha mstari, nikahifadhi. Kijivu vilevile! Daktari akabisha hodi. Nikausoma tena ule mstari, Kaka, herufi kwa herufi.

Kumbe folda nimeiita "Picha" kwa herufi kubwa, na kwenye mstari nimeandika "picha" kwa ndogo. Kwa Linux hayo ni majina mawili tofauti. Nikasahihisha, kikombe kikatokea. Nikaendelea faili baada ya faili, daktari amesimama nyuma yangu na mkoba wake.

Baba akazitazama picha zake kwa muda. Kisha akabonyeza: "Mguu." Halafu: "Ondoa."

"Amekosea hapo," Baba mdogo akadakia.

Baba akamgeukia, akabonyeza ile uliyomwekea kwa ajili ya kelele za Mtundu: "Nyamaza." Akarudia pole pole: "Mguu. Ondoa."

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo akakaa ukingoni mwa kitanda, akaupakata mguu ule mapajani, akalia kama mtoto.

Upasuaji ni Ijumaa. Baba yuko mtulivu kuliko sisi sote. Nakuomba upige simu kabla hajaingizwa, useme naye. Atakujibu.

Msalimie Wifi, mbusu Mtundu. Mama anasema Mungu akufunike huko uliko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Fundi Cherehani