Tangazo Nyuma ya Mlango

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha nyuma.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Tangu Alhamisi ile nasikia sauti moja tu: tak! Ni kifuniko cha kikopo cha wino wa muhuri, nilichokifunga kwa kidole changu mwenyewe. Mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili.

Kaka yako hajambo, ila hasemi nami. Acha nikueleze mwenyewe kabla watu hawajakueleza.

Halmashauri imelihamishia Shirika la Uendelezaji kile kitalu cha miche cha umma, alichokitunza Baba miaka ishirini na miwili. Sheria hutoa siku thelathini za pingamizi. Tangazo nililibandika mimi, karani wa Halmashauri, kama nilivyoagizwa: nyuma ya mlango wa ofisi yetu, ambao mchana kutwa huwa wazi.

Baba aliliona siku ya mwisho, alipoingia kukimbia mvua akaufunga mlango. Aliandika pingamizi papo hapo, mistari minne, akaniletea mezani. Kwetu, barua isiyogongwa muhuri haijapokelewa. Mwenyekiti alikuwa nyuma yangu, naye wiki hiyo alishaniahidi kiti kwenye Shirika. Nikakifunga kikopo.

"Wino umekauka, Baba. Njoo kesho."

"Haya mwanangu, kazi yako unaijua," akasema, akaniachia karatasi.

Kesho yake kikaoni alisimama. "Barua yangu anayo binti yangu."

"Binti, ulipokea?" Mwenyekiti akauliza.

"Sikupokea."

Diwani mmoja akadakia, "Usihofu mzee, miche ikihamishwa nawe tutakupanda kwingine!" Wakaangua kicheko. Nikaandika: hakuna pingamizi. Vicheko sikuviandika.

Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wanamsingizia Baba, hakunilea hivi.

Nisalimie Babu Miwani, na binamu Kicheko asiache masomo. Mungu akusimamishe tena kwa miguu yako miwili.

Asubuhi hii nimempelekea msajili wa ardhi barua ya Baba pamoja na maelezo yangu, yenye sahihi: ililetwa kwa wakati, nikaikataa, kisha nikasema uongo kikaoni. Muhuri na funguo nimeviacha mezani kwa Mwenyekiti. Baba sijamwambia. Nakala nimeibandika kwenye mlango uleule, upande unaoonekana.

Binti wa kaka yako,
akupendaye hata ukimkana.