Neno Lako Halimo Tena Daftarini

Kusum,

Nimechoka, kwa hiyo utanisamehe nisipoanza kwa kukuuliza hali. Maisha yangu yote ya ualimu niliwakata alama wanafunzi walioruka salamu katika barua. Lakini hali yako naijua, na yangu ndiyo hii: magoti yanauma, joto la Doha halijapungua, na leo nimefanya jambo nililopaswa kulifanya ungali hai.

Nimeuchana ule ukurasa.

Nitakueleza kwa mpangilio, ingawa ulizoea kunicheka kwa ajili ya mpangilio wangu.

Tangu mwanao asafirishe mwili wako kwenda Jamnagar kule India, mji ambao wewe mzaliwa wa Mombasa uliniambia ulifika mara mbili tu, siku zimekuwa ndefu. Mkaza mwanao bado anatuachia sebule yenu ya Fereej Bin Mahmoud kila Ijumaa asubuhi. Bado husogeza makochi ukutani kabla hatujafika, na harufu ya chai ya maziwa na iliki bado inapanda kutoka dukani chini. Wanawake wanakuja kwa yoga yako. Nakato huja na mgongo wake, akitoka moja kwa moja kwenye zamu ya ulinzi kule West Bay, viatu vimemvimbisha miguu. Faith huja akiwa na sare yake ya uuguzi ndani ya mfuko. Mwalimu wao ndiye hayupo. Faith anaikumbuka mikao na mimi nayakumbuka majina, basi yeye huinama na mimi huita. Mtu akitutazama atadhani ni darasa la sarufi lililoingiliwa na maumivu ya viungo.

Unakumbuka lilivyoanza lile daftari letu la maneno. Nakato ndiye aliyeuliza, akiwa amelala pale sakafuni: "Mama Kusum, hiyo kundalini si ni pepo? Kanisani wamesema ni nyoka." Ulicheka hadi ukakohoa. Mimi sikucheka. Nilisema si haki mtu mzima kutamkishwa maneno asiyoyajua maana, awe anayaamini au hayaamini. Mimi ni Mkristo na siyaamini, lakini neno ni neno, lina haki ya kuelezwa sawasawa.

Ukanijibu kwa Kimvita chako: "Basi andika weye, Mwalimu. Si weye ndiwe mwenye kalamu?"

Ndipo zikaanza Jumanne zetu. Mkwe wangu alinileta kutoka kwao Muaither akienda kazini, nawe ulikuwa umeshakaa dirishani, karibu na chungu cha mrihani wako, shanga zako mkononi. Mimi nilifungua daftari na kalamu yangu ya wino. Wewe ulieleza, mimi niliandika. Yoga: kuunganisha, mzizi wake ni ule wa kufunga ng'ombe nira. Asana: kikao, namna mwili unavyotulia mahali. Prana: nilitaka kuandika "pumzi" niishie hapo, ukanizuia. Pumzi ni punda, ulisema, prana ni mzigo; ni uhai wenyewe unaobebwa. Nadi ni njia ambamo uhai huo unapita, ya kushoto ikiwa ya mwezi, ya kulia ya jua, na ya katikati imenyooka ndani ya uti wa mgongo. Chakra ni gurudumu, mahali njia hizo zinapokutana na kuzunguka. Na kundalini ya Nakato, maana yake ni aliyejipinda: nguvu ya kike iliyolala chini ya mgongo kama nyoka aliyejikunja, ikingoja kuamshwa. Niliandika "kama". Nililipigia mstari chini lile "kama", kisha nikamsomea Nakato mara tatu.

Tantra ndiyo iliyokuchosha. Kila mtu anadhani ni mambo ya chumbani, ulisema, hata wajukuu wako. Ukanieleza kwamba ni kutandaza, kama zile nyuzi za mtande zinazotangulia kunyooshwa kwenye kitanda cha mfumi ili nyuzi nyingine zipate pa kupita. Ni mafundisho yaliyotandazwa yakashika mengine. Ulipoona jinsi mzizi wenu "tan" unavyofanana na "tanda" yetu ukapiga makofi. Nikakuambia kufanana kwa sauti si ushahidi.

"We nawe, Mwalimu! Humwachii mtu hata furaha moja."

Ni kweli. Sikukuachia.

Sasa nifike pale ninapokwepa kufika.

Kila neno katika daftari lile lilikuwa na maana yake na mfano wake. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa: maana isiyo na mfano ni mlango usio na kitasa. Tulipofika herufi M, niliandika kwamba mantra ni chombo cha kushikia fikra, neno linalorudiwa hadi akili iache kutangatanga. Kisha nikaandika "Mfano", nikaweka nukta mbili, nikangoja. Ulikuwa jikoni unachemsha chai.

Sikuhitaji kukuuliza. Kwa Jumanne zote zile nilikuwa nimekaa karibu nawe, ushanga baada ya ushanga ukipita kidoleni, na midomo yako ikisema jambo lilelile kwa sauti ndogo kuliko ya feni. Nina sikio la mwalimu wa imla. Silabi baada ya silabi nililipata, bila kukusudia mwanzoni, na baadaye kwa kukusudia. Nikaliandika. Mwandiko ulikuwa mzuri. Nilijisifu moyoni.

Ulirudi na vikombe viwili, ukainama kusoma. Uliweka vikombe chini.

"Umelipata wapi hili?"

"Kwako."

"Mimi sijakupa."

Ndipo uliponieleza diksha, ule utaratibu wa kupokea mantra kwa mwalimu, neno ambalo hukuwa umenipa. Ulikuwa msichana, hujaolewa, Mombasa. Mzee mmoja aliyetoka Bara Hindi alikuwa amefikia kwenye vyumba vya nyuma ya hekalu. Shangazi yako alikupeleka alfajiri, umeoga, hujala. Mzee alijifunika shuka pamoja nawe, akakunong'oneza neno hilo mara tatu katika sikio la kulia. Hakuliandika. Hakuna aliyelisikia, hata shangazi. Tangu siku hiyo hujalitamka kwa sauti mbele ya mtu. Mume wako alikufa hajalijua. Watoto wako hawalijui.

"Lichane, Mwalimu."

Nami nikasema jambo ambalo sasa linanirudia kila ninapokaa kimya. Nilisema: "Neno lisiloandikwa hufa na mwenyewe."

Ukanitazama bila hasira. Afadhali ungekasirika. Ukasema: "Ndivyo litakiwavyo."

Niliahidi kuuchana Jumanne iliyofuata. Nyuma ya ukurasa ule kulikuwa na maelezo ya mudra, zile ishara za vidole mnazoziita mihuri, nami nilitaka kwanza kuyanakili pengine. Nilikuwa na sababu. Sijawahi kukosa sababu, Kusum. Jumanne iliyofuata ulikuwa umelazwa.

Nilikuja hospitali na daftari likiwa ndani ya mkoba. Hukuniuliza. Uliuliza habari za mgongo wa Nakato. Kisha uliutazama mkoba wangu, ukasema, "Ushafika herufi gani?"

Nikakuambia nimefika S, nimebakiza shavasana, ule mkao wa maiti wa mwisho wa darasa ambao mimi sikukubali kamwe kuufanya. Kwetu Voi mtu mzima halali chali mchana, mikono kainyoosha, macho kafumba. Ni kukiita kifo. Ninyi nyote mlilala, mimi nilibaki kwenye kiti kama msimamizi wa mtihani. Ukatabasamu pale kitandani.

"Hiyo naifanya sasa hivi," ulisema. "Njoo uone mfano."

Nilikukemea kwa mzaha huo. Ndilo neno la mwisho ulilolisikia kwangu, kemeo. Nilifika Muaither nikaliweka daftari mezani, na sikuchana chochote.

Binti yangu anadhani ni ukaidi. Nimemwacha adhani hivyo. Kwako nitasema kweli. Nilijua hutarudi. Picha yako sikuwa nayo, kwa kuwa hukupenda kupigwa picha. Nilichokuwa nacho ni mstari mmoja wa wino ambao, kila nilipousoma, niliisikia sauti yako dirishani. Sikutaka kubaki mikono mitupu.

Basi ukafa, nami nikabaki na ukurasa ule.

Kisha wiki iliyopita Faith akaliomba daftari. Alitaka kulipiga chapa ili kila mwanamke apate nakala yake. Alisema ni kwa ajili ya kukukumbuka. Nilimpa. Nilichoka, Kusum, sina neno jingine. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo mtu husahau anachokificha. Leo asubuhi akalirudisha akiwa na furaha: "Mwalimu, nishapiga picha kurasa zote, ziko kwa simu. Jioni naingiza kwa kundi letu, kila mtu ajionee."

Niliinuka kitini. Kundi hilo lina wanawake wa Doha nzima, na dada zao wa Nairobi na Kampala.

Sikumbuki kama nimewahi kumwomba mwanafunzi radhi. Leo nilifanya hivyo mbele ya watu saba, nikiwa nimesimama juu ya mkeka wa mtu. Nilisema: "Katika daftari hilo kuna ukurasa mmoja niliouiba."

Nakato akainuka kwenye kiwiko. "Mwalimu, wewe? Kuiba?"

Nikawaeleza yote: diksha, sikio la kulia, shangazi aliyeachwa nje. Nikawaeleza kwamba ulinitaka niuchane, nami sikufanya. Hakuna aliyecheka. Faith alifungua simu, akatafuta. "Ni huu wa M? Lakini Mwalimu, haya ni maneno tu, hata sielewi kitu."

"Hukutakiwa kuyaelewa," nilisema. "Yana mwenyewe."

Akaufuta palepale, kisha akaingia mahali simu inapoweka vilivyofutwa, akaufuta tena, akanionyesha. Halafu akauma mdomo. Alikuwa amemtumia Nakato kurasa zote jana ili amsaidie kuzihakiki. Tukamgeukia Nakato.

"Mimi? Sijafungua hata moja," alisema Nakato. "Zamu imeniua, Mwalimu. Mungu anisamehe uvivu." Akafuta zote mbele yangu. Ni mara yangu ya kwanza kumshukuru mtu kwa kutofanya kazi aliyopewa.

Uliwahi kuniambia kwamba karatasi yenye neno takatifu haitupwi jaani. Hutiwa katika maji yanayokwenda. Doha mto hatuna. Nikakumbuka watu wa kwenu Mombasa wanavyosuuza kombe, ile sahani iliyoandikwa aya, maandishi yakayeyuka majini. Nikaomba bakuli kwa mkaza mwanao, nikauchana ukurasa, nikauloweka. Wino wangu ni ule wa shuleni, unaotoka. Herufi zilianza kuvimba, zikawa mawingu ya samawati, zikaisha. Nakato alishika upande mmoja wa bakuli. Maji yale tuliyamwagia mrihani wako dirishani. Karatasi ilikuwa imekuwa uji. Nikaifukia kwenye udongo uleule. Mkaza mwanao alileta taulo.

Kisha darasa likaendelea, maana Nakato alihitaji kunyoosha mgongo kabla ya kwenda kulala. Nikayaita majina, Faith akayaonyesha. Mwishoni wote wakalala ule mkao wa maiti, nami nikarudi kwenye kiti changu. Feni ilizunguka. Na pale kimyani neno lako likaja, zima, kwa sauti yako, silabi zote mahali pake.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lote. Simu zimefutwa, karatasi imeoza au itaoza, lakini sikio langu halina mahali pa kufutia. Kuna mtu mmoja duniani anayelijua ambaye hukumchagua, na mtu huyo ni mimi. Nimejaribu mchana kutwa kulisahau. Nimesema zaburi, nimesema ngeli za nomino, nimehesabu madirisha ya jengo la mbele. Linarudi.

Kwa hiyo siahidi kwamba nitalisahau. Nilikuwa na mazoea ya kutoa ahadi nzuri nisizozitimiza, nawe ndiwe uliyelipa. Nakuahidi hili dogo: sitalitamka. Sitalisali, kwa kuwa nina sala zangu, na sitalitumia kujifariji ninapokukumbuka, ingawa hilo litakuwa gumu. Nitakaa nalo kama mtu anavyokaa na ufunguo wa jirani aliyesafiri: haingii ndani, hampi mtu, hauweki mezani. Nami siku yangu ikifika, litakwenda pamoja nami, kama ulivyotaka liende.

Ukurasa mpya nimeuandika jioni hii, kabla ya barua hii. Mudra nimeirudisha mahali pake. Upande wa mbele nimeandika mantra, na maana yake, na nimeongeza kwamba hutolewa na mwalimu kwa mwanafunzi, sikioni, bila kuandikwa. Chini ya maana nimeweka neno "Mfano" na nukta mbili, kwa kuwa siwezi kuacha desturi. Mbele yake nimeandika neno moja tu, na Faith amepewa ruhusa ya kulipiga chapa lilivyo.

Mfano: upo.

Pumzika, dada. Mrihani unaendelea vizuri.

Mwalimu wako, ambaye hukumaliza kumfundisha.