Si Nguoni, ni Damuni

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea. Wifi hajambo? Huku mama anakula kwa kulazimishwa. Bibi, ambaye kila mwaka anatuaga kwamba anakufa, aliugua mafua yaleyale kisha akaamka kulalamika kwamba chai haina sukari.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei tangu tulipogombana baada ya mazishi. Mimi bado sielewi, Kaka. Mdogo wetu, ambaye wapakiaji wenzake ghalani walimwita Winchi kwa jinsi alivyonyanyua magunia, amekufa kwa mafua! Sote nyumbani tuliugua. Mimi niliendelea kushona huku napiga chafya juu ya nguo za watu. Yeye alilala akitafuta pumzi, nasi tukamtania kwamba mwanamume mzima kaangushwa na kamasi. Alicheka nasi, mpaka akashindwa kucheka.

Unakumbuka ulivyomwambia mjane wake mbele ya watu: kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa kutoka shuleni anakofundisha, afungashe aende kwao. Alifungasha siku ileile.

Lakini ni yeye, Winchi akiwa bado hospitali, aliyewasihi madaktari watafute sababu, ndipo na sisi ndugu tukatolewa damu. Wewe ulitoa ukinung'unika. Juzi daktari aliniita. Alisema wapo watu wachache ambao virusi vikiingia mapafuni, mwili wao hauamki kujitetea. Kasoro hiyo hurithiwa. Marehemu baba alikuwa na nusu, mama ana nusu, wala haikuwadhuru. Mtoto akirithi nusu zote mbili, mafua ya kawaida yanaweza kummaliza. Winchi alirithi zote. Kumbe hakikuwa nguoni, Kaka, kilikuwa damuni, na ni damu yetu. Mama sijamwambia. Nitaanzaje?

Mimi nina nusu moja. Nilishukuru, kisha nikaona aibu kushukuru, maana majibu yaliyofuata yalikuwa yako. Unazo zote mbili, kama yeye. Nimelia mpaka sauti imekauka. Dawa ya kubadilisha damu hakuna. Daktari anasema ukihisi homa tu, usingoje kama tulivyongoja sisi. Kimbilia hospitali, uwaeleze haya. Na jana mama kaniambia watoto wako wameanza kukohoa.

Wasalimie wote. Aliyekukabidhi barua hii ni mjane wa Winchi. Nilipomweleza, alivaa viatu kabla sijamaliza kulia. Namjua, atakuwa bado amesimama hapo nje. Mfungulie mlango, Kaka. Katika ukoo huu mzima, ni yeye tu anayejua pumzi ikianza kukatika inasikikaje.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Cherehani